Ukurasa Mmoja Kabla ya Bukari

Kaa barazani Makomeno, Lubumbashi, saa kumi na moja jioni, utazame barabara. Akina mama wanapita na mabeseni kichwani, mwendo wa haraka, makala iko kwenye mbabula, lile jiko la makaa, na watoto wanangoja. Vijana wanapita na simu mkononi. Halafu utamwona papa mmoja, baba aliyekosa kazi, halafu mwingine, wanatembea polepole kuliko wote, wanasimama kumsalimu mtu, wanaenda kidogo, wanasimama tena. Wengine huwaita wavivu. Mimi nakuomba usiwaite hivyo, na kama wewe ni mmoja wao, mwongozo huu nimekuandikia wewe.

Kwenye miaka ya 1930, huko Austria, kulikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal kilichoishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kikafungwa, karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Watafiti wakaja kukaa nao, miongoni mwao Marie Jahoda na Paul Lazarsfeld, na mwaka 1933 wakatoa kitabu ambacho kwa Kifaransa kinaitwa Les chômeurs de Marienthal. Walipima hata mwendo wa watu barabarani. Wanawake walitembea haraka kwa sababu kazi ya nyumba haikufungwa na kiwanda, na wanaume walisimama-simama njiani. Lakini jambo lililonikamata zaidi lilikuwa maktaba. Watu sasa walikuwa na saa nyingi za bure, na ada ya kuazima vitabu ilikuwa imefutwa. Ungedhani watasoma zaidi. Kati ya mwaka 1929 na 1931, vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu.

Kwa hiyo, kama umewahi kuambiwa “wewe si una muda, soma basi,” nawe ukafungua kitabu, ukasoma mstari mmoja mara nne bila kushika neno, jua kwamba hukuwa wa kwanza, na si ujinga. Kazi ikiondoka huondoka na mshahara, na huondoka pia na umbo la siku, na akili iliyopoteza umbo la siku haishiki ukurasa. Kitabu kinaweza kukusaidia sana wakati huu. Ila hakitakusaidia kwa njia uliyozoea kusomea mtihani.

Kwanza, jina la kitu chenyewe

Kwetu Lubumbashi mtu husema “niko na mawazo mingi”, na kila mtu huelewa. Ni maneno mazuri, kwa sababu yanasema ukweli: mawazo yamekuwa mzigo. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Watanzania huandika sonona, Wakenya unyogovu, na daktari wetu atakuambia ni dépression. Usigombane na majina. Tazama dalili na muda wake.

Mtu yeyote aliyekosa kodi ya nyumba au minerval (ada ya shule) ya watoto ana haki ya kuwa na mawazo, na hiyo si ugonjwa. Ugonjwa huanza kuonekana pale ambapo, kwa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, moyo umelala na hata jambo ulilolipenda halikugusi tena: mpira, kwaya, mjukuu. Usingizi umeharibika, au unalala mno. Chakula hakina ladha. Mwili mzito, akili haitulii mahali pamoja, na unajiona huna thamani, kosa lote ni lako. Wakati mwingine yanakuja mawazo ya kufa. Ukiona kadhaa ya haya pamoja, unahitaji mtu wa afya, na kitabu kitakuwa msaidizi wake tu. Nitarudi kwenye hilo.

Na kabla ya kitabu, mwili. Kama nyumbani kuna Biblia, fungua Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Nabii Eliya amechoka, ameketi chini ya mti, anaomba afe. Tazama malaika anafanya nini. Hamhubirii, wala hamuulizi imani yake imeenda wapi. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, anamwamsha, anamlisha tena. Mazungumzo yanakuja baadaye, baada ya safari ndefu. Nimeona wagonjwa wa mawazo wakiambiwa wafunge kula siku tatu ili walegeze kamba za shetani, na hali yao ikawa mbaya zaidi. Sali, ndiyo. Lakini kwanza kula, hata kama ni bukari (ugali) na sombe (kisamvu) bila samaki, na ulale. Pima malaria pia, na upungufu wa damu. Mwili ulioshambuliwa na malaria hufanana sana na moyo uliovunjika, na hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Jinsi ya kusoma ukiwa chini

Kanuni yangu ni fupi: ukurasa mmoja, kwa sauti, na mtu mwingine, saa ileile, kabla ya bukari ya jioni.

Ukurasa mmoja, kwa sababu huwezi zaidi, na ukijilazimisha kurasa ishirini utashindwa na kujichukia zaidi. Ukimaliza ukurasa mmoja umemaliza kazi ya leo. Funga kitabu hata kama unatamani kuendelea. Kile kitamu kidogo kilichobaki kitakuita kesho, na mtu mwenye mawazo anahitaji kitu cha kumwita kesho.

Kwa sauti, kwa sababu ukisoma kimya macho yanapita na mawazo yanarudi kwenye deni. Sauti inayashika. Kama sauti yako haitoki, mwingine asome, wewe usikilize.

Na mtu mwingine: hapa nasisitiza. Utafiti mwingi juu ya vitabu vya kujisaidia umeonyesha kwamba mtu anayesoma akiwa na msaidizi wa kumfuatilia, hata kwa muda mfupi tu, hufaidika zaidi kuliko anayeachiwa kitabu peke yake. Huko Uingereza, tangu mwaka 2013, kuna mpango ambao mhudumu wa afya anaweza kumwelekeza mgonjwa kwenye vitabu vilivyochaguliwa na wataalamu, naye akaviazima maktaba ya mtaa. Sisi hatuna mpango huo, lakini tuna watu wengi ndani ya nyumba moja, na huo ni utajiri ambao Waingereza wengi hawana.

Nani basi? Mara nyingi ni mtoto. Na hapo pana jambo linalouma ambalo sitalificha. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga tangu 1910 hadi 1997, akakiita Bana Shaba abandonnés par leur père. Baba anayetajwa pale ana sura mbili: kampuni ya migodi iliyowalea watu kama baba kisha ikawaacha, na baba wa nyumbani ambaye, mshahara ulipokatika, alipoteza neno lake mezani. Mama akaanza kuuza, watoto wakaanza kuleta pesa, na papa akawa kimya. Sasa ukimwambia papa huyo akae asomewe na binti yake wa miaka kumi na tatu, unaweza kumwongezea aibu. Kwa hiyo fanya hivi: papa ndiye achague kitabu. Papa ndiye aseme “simama hapo.” Na mtoto akifika kwenye jina la mtaa, la shimo la mgodi, la bosi wa zamani, amuulize papa maana yake. Utashangaa jinsi mtu ambaye hajazungumza kwa wiki atakavyoeleza, kwa nusu saa, jinsi posho ilivyokuwa ikigawiwa.

Saa ileile, kwa sababu siku iliyopoteza king'ora cha kampuni inahitaji king'ora kingine. Kabla ya bukari, kwa sababu bukari itakuja hata hivyo, ikiwa ipo, na watu watakuwa wamekusanyika kuingoja. Kama umeme umekatika, soma mapema kidogo, mwanga wa jua ungalipo. Miezi ya Juni na Julai, baridi inapoingia mapema, sogeza kiti karibu na mbabula.

Vitabu vya kukuonyesha kwamba hukujiangusha

Mawazo yana uongo wake mkubwa mmoja: yanakuambia kwamba hali yako ni kosa lako peke yako. Dawa ya uongo huo, kwa kadiri kitabu kinavyoweza kuwa dawa, ni historia. Ndiyo maana siwatangulizii watu riwaya wala vitabu vya saikolojia. Natanguliza vitabu vya mji huu.

Kumbuka mambo yalivyokwenda. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilianza mwaka 1906, mji ukafuata mwaka 1910. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliamua kuwaweka wafanyakazi pamoja na familia zao: nyumba, hospitali, shule, posho. Mwaka 1967 serikali ikaitaifisha, baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, ukaja uporaji wa 1991, zikaja chuki za 1992 na 1993 zilizowafukuza majirani zetu Wakasai, na kufikia mwaka 1994 shaba ilikuwa imeshuka hadi karibu tani 30,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 ikaja ile inayoitwa Opération Départs Volontaires, kwa fedha za Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka kwa mkupuo mmoja wakiwa na malipo ya mwisho mkononi.

Tazama hesabu hiyo tena. Kitu kilichoanguka kutoka 450,000 hadi 30,000 hakikuangushwa na papa mmoja aliyekosa akili ya biashara. Mwanaanthropolojia Benjamin Rubbers wa Ubelgiji aliwafuata wafanyakazi hao wa zamani, na mwaka 2013 akatoa Le paternalisme en question. Ni kitabu cha chuo kikuu, kina sehemu ngumu. Ruka sehemu hizo bila aibu, tafuta pale watu wenyewe wanaposimulia. Mtu aliyepokea malipo yale, akanunua gari la biashara likaharibika, au akajenga nusu nyumba, na kwa miaka amekuwa akijilaumu usiku, akisoma pale atakutana na wenzake. Kwangu mimi kukutana huko kuna thamani kubwa kuliko mahubiri kumi ya kujitia moyo.

Kuna na kitabu kingine ninachokipenda kuliko vyote, na wengi mjini hawajui kwamba kipo. Mwaka 1965, André Yav, mtu aliyefanya kazi ya boyi kwa Wazungu, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu hiki, Kiswahili cha Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, akishirikiana na chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani. Akakiita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kilipigwa taipu, kikazungushwa mkono kwa mkono, hadi mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipokichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri. Maandishi hayo yamewekwa pia kwenye intaneti, katika hazina ya Kiswahili cha watu ambayo Fabian alishiriki kuianzisha. Kisome kwa sauti! Tahajia yake ni ya mtu aliyejifundisha mwenyewe, maneno yameungana au yamekatika mahali usipotarajia, na kwa macho kinachosha. Lakini sikio la mtu wa Lubumbashi likikisikia, linakitambua mara moja: ni mzee anazungumza barazani. Mtu aliyepika na kufua kwenye nyumba za wengine maisha yake yote alikaa akaona kwamba yeye na wenzake wana historia inayostahili karatasi. Kwa mtu anayejiona hana thamani, sijui kitabu kingine kinachofaa kuanza nacho.

Vitabu vya ugonjwa wenyewe

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu vingi viliandikwa mbali na maisha yetu. Philippe Labro, mwandishi wa habari wa Ufaransa aliyekuwa na cheo kikubwa redioni, alitoa Tomber sept fois, se relever huit mwaka 2003. Alikuwa mtu wa pesa na marafiki wakubwa, na ugonjwa ulimlaza vilevile. Hilo linafaa kujulikana na jirani anayesema kwamba ungekuwa na pesa ungepona leo. Ila usijilinganishe naye katika kupona. Yeye hakuwa na mwenye nyumba mlangoni.

William Styron, mwandishi Mmarekani, aliandika Face aux ténèbres, kitabu chembamba kuhusu ugonjwa uliomkamata mwaka 1985. Kinaeleza vizuri sana kwa familia isiyoelewa, kwa hiyo ningempa mke au mume wa mgonjwa kabla ya mgonjwa mwenyewe. Matt Haig, Mwingereza aliyeugua akiwa na miaka 24, aliandika kile kinachoitwa kwa Kifaransa Rester en vie. Sura zake ni fupi, nyingine hazimalizi ukurasa, kana kwamba alijua kwamba msomaji wake hana pumzi. Kwa kanuni yetu ya ukurasa mmoja, hicho kinakaa vizuri.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwaka 2020 kitabu kidogo cha michoro cha kukabiliana na msongo, kinapatikana bure kwenye intaneti na kwa Kifaransa kipo. Kinafundisha mazoezi machache ya kupumua na kurudisha akili mahali ulipo. Kimetengenezwa kwa mtu yeyote mwenye msongo, hata wa kambi za wakimbizi na maeneo ya vita, hakimdhanii msomaji kuwa na sofa wala likizo. Kipakue mara moja, ukichapishe kwa fotokopi kama mnaweza kuchangiana, kizunguke kwenye avenyi yenu.

Riwaya, na moja ya kuiweka pembeni

Kwa riwaya za Kiswahili ningeanza na Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Kijana amefiwa na mama, ananyanyaswa, anasafiri kutoka Tanga hadi Kenya kumtafuta baba ambaye hamjui. Ina taabu nyingi lakini inasonga, na msomaji mgonjwa anahitaji hadithi inayosonga. Ya pili ni Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, kuhusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Pale utaona njaa ya mtu mmoja ikigeuka kuwa jambo la wote. Mtu wa Katanga atasoma bandari na kuona mgodi.

Fiston Mwanza Mujila ni mwana wa Lubumbashi, alizaliwa hapa mwaka 1981. Riwaya yake Tram 83, ya mwaka 2014, inachukua mji wa migodi wenye baa, wachimbaji, wasichana, watalii na umeme usioaminika, na kuupiga kama jazi. Mashujaa wake ni Lucien, anayetaka kuandika, na Requiem, anayeishi kwa ujanja. Kuna nguvu ndani yake, na kuna kelele. Kama uko chini kabisa, kelele hiyo itakuchosha. Iache ingoje mwezi ambao utakuwa umeanza kuamka. Ukifika huko, isome kwa sauti na vijana, mtacheka na kugombana juu yake, na kugombana juu ya kitabu ni dalili nzuri ya afya.

Na kuna Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974. Ni riwaya kubwa, na Kezilahabi ni mwandishi ninayemheshimu mno. Lakini mhusika wake mkuu, Kazimoto, anamalizia kwa kujiua. Ukiwa katika wiki mbaya, iache kwenye rafu. Haitaharibika, utaisoma siku nyingine.

Kwa upande wa kitabu kilichomo tayari nyumbani, Biblia, wengi hukimbilia ahadi za baraka. Jaribu Ayubu. Soma sura mbili za kwanza, uone marafiki zake wanakuja, wanakaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Hiyo ndiyo kazi nzuri waliyoifanya. Walipoanza kumweleza kosa lake ndipo walipoharibu. Wasomee hayo wale wanaokuja kukutembelea na maelezo mengi. Soma pia Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikapata mwanga. Hiyo haigeuki, inaishia gizani, na bado imo ndani ya kitabu cha sala. Maana yake ni kwamba unaweza kusali ukiwa gizani bila kujifanya umeshatoka. Majirani zetu Waislamu nao wana Surat Yusuf, ambamo Yakubu analia hadi macho yanakuwa meupe kwa huzuni, naye ni nabii.

Kuhusu vile vitabu vya utajiri vinavyotandazwa barabarani katikati ya mji, vyenye picha ya mtu aliyevaa suti, nitasema wazi: si kwa wakati huu. Huenda vina ushauri mzuri wa kuweka akiba kwa mtu mwenye cha kuweka. Lakini vingi vimejengwa juu ya wazo kwamba umaskini unaanza kichwani mwako, na kichwa chako sasa hivi tayari kinakushitaki usiku kucha. Usikiongezee mwendesha mashitaka.

Pa kuvipata

Médiaspaul wana duka la vitabu mjini. Pale Halle de l'Étoile kuna Institut français na maktaba yake. Chuo Kikuu kina maktaba, na kama hujasajiliwa, jirani yako mwanafunzi anaweza kukusaidia. Vitabu vya Dibwe na vya watafiti wengine wa mji huu, tafuta kwanza huko. Paroko ana vitabu vingi rafuni kuliko unavyodhani, muulize. Riwaya za Dar es Salaam na Nairobi hazifiki kwetu kwa urahisi. Mwenye ndugu anayevuka mpaka wa Kasumbalesa na kupita Zambia hadi Tanzania amtume. Kitabu kimoja kwa nyumba sita kinatosha. Watu wanaocheza likelemba ya pesa, yaani kuchanga na kupokea kwa zamu, wanaweza kucheza likelemba ya kitabu: wiki hii kwangu, wiki ijayo kwako.

Wakati wa kufunga kitabu

Ukianza kuwaza jinsi ya kujitoa uhai, funga kitabu na usibaki peke yako, hata usiku huo mmoja. Mwambie mtu kwa maneno yaliyo wazi, “nawaza kufa.” Mwenye kuambiwa asikemee, asihubiri. Akae naye kama wale marafiki wa Ayubu katika zile siku saba, aondoe dawa za panya na dawa nyingine karibu, na asubuhi waende pamoja hospitalini. Lubumbashi ina hospitali ya Jason Sendwe, ina Cliniques Universitaires, na ina kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain cha Mafrere wa Charité. Guislain, aliyepewa heshima ya jina hilo, alikuwa daktari wa Gent, Ubelgiji, katika karne ya 19, aliyetaka wagonjwa wa akili watunzwe kama wagonjwa badala ya kufungwa minyororo. Kwenda pale si kukubali kwamba umekuwa kichaa. Ukipewa dawa za mawazo, jua kwamba huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake; usiziache siku ya tano kwa sababu hujaona kitu, na usiziache ghafla ukijisikia nafuu.

Jambo la mwisho ni nauli, nami nalitaja kwa uzito. Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, amesimulia mara nyingi jinsi mgonjwa wake mmoja kijana alivyojiua baada ya familia kukosa pesa ya basi ya kumfikisha hospitalini. Baada ya hapo, mwaka 2006, akaanza kuwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kushughulikia kwanza. Utafiti wake wenye watu 573 ulichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, kati ya waliokaa kwenye benchi, waliobaki na dalili za sonona walikuwa karibu 14 kwa kila 100; kati ya waliopata huduma ya kawaida, karibu 50 kwa kila 100. Nchi hiyo ilikuwa kwenye dhiki ya pesa isiyopungua yetu.

Kwa hiyo, ndani ya ile likelemba ya kitabu, tengeni na pesa kidogo ya taxi-bus. Iwekeni kwa mama mmoja mnayemwamini, iwe ya kwenda hospitalini na kurudi kwa watu wawili, mgonjwa na wa kumsindikiza. Isiguswe kwa unga wala kwa makala.

Leo jioni, kitabu kikiwa tayari, weka viti viwili barazani badala ya kimoja. Yule papa anayepita polepole atapita saa kumi na moja. Atasimama kukusalimu, kwa sababu yeye husimama kwa kila mtu. Mpe kiti. Usimuulize habari ya kazi. Mwambie kuna maandishi ya mzee mmoja wa Elisabethville ya zamani, yana majina ya mitaa ambayo wewe huyajui, na unahitaji mtu anayejua akusomee ukurasa mmoja kabla bukari haijaiva.